Rumangabo Siitoi

Koko Apolline, bibi mzee, aliuza maharage kwenye soko la Birere mpaka magoti yakamkatalia. Tangu hapo, kila Jumanne, yeye na muzee Kasereka, aliyekuwa dereva wa malori ya Butembo, walikuwa wanaenda shule moja ya mtaa wa Ndosho kusaidia watoto wa mwaka wa tatu kusoma. Malipo yao yalikuwa benchi moja nyuma ya darasa, pamoja na wale watoto waliomshinda mwalimu.

Kasereka alisomesha kwa kidole, silabi kwa silabi. Koko alisomesha kwa vitendawili. Mtoto anaandika chake ubaoni, anakisoma kwa sauti, wenzake wanafumbua. Wakishindwa, wanamtolea muji, naye anasimulia jinsi alivyoenda kuula na kustarehe humo. Basi walikuwa wanagombania chaki kama mandazi ya moto.

Isipokuwa Uwamariya. Msichana huyu alikimbia vita na mama yake, sasa wanalala kambini. Siku ya kwanza alikuja anacheka. Kabla darasa halijatoka alikuwa amefunga mdomo, na hakuufungua tena.

"Ijumaa ninamrudisha mwaka wa kwanza," mwalimu Célestin alisema mlangoni. "Hajui kusoma, Koko. Tusijidanganye."

"Anajua. Nimeona midomo yake ikitembea."

"Ya mbuzi pia inatembea," Kasereka akachokoza.

"Na yako haipumziki hata siku moja, muzee."

Lakini roho ya Koko haikutulia. Mtoto ameshaacha nyumba. Sasa aachishwe darasa pia, akae na wadogo wanaojifunza kushika chaki? Huyo hatafungua mdomo tena.

Siku hiyo Habarurema, mvulana wa kelele nyingi, akaandika kitendawili chake, akakisoma, darasa zima likashindwa.

"Muji! Nipeni muji!"

"Chukua Bukavu!"

"Bukavu ninayo."

"Chukua Kisangani!"

"Mbali, sina viatu." Akamgeukia Uwamariya. "Wewe bubu, toa wako!"

Mtoto akasimama, machozi yanamtoka.

"Rumangabo siitoi! Na sinayo tena. Koko alishaikula!"

Darasa zima likamgeukia Koko.

"Mimi?" Koko akauliza.

"Siku ile ya kwanza ulitega kitendawili, wakashindwa, wakakupatia. Ukasema umefika, umekula kuku wote, umelala mu vitanda vya watu, umefunga mulango, ufunguo umetupa. Mama anasema vita vikiisha tutarudi kwetu. Tutarudi wapi?"

Kasereka akaanza kucheka. Koko akamkanyaga mguu. Alikumbuka vizuri alivyojisifu siku ile, watoto wakacheka mpaka wakashika matumbo. Huyu mmoja Koko hakumtazama.

Alitaka kusema ni mchezo tu. Akalimeza neno hilo. Lingempa mtoto haya mbele ya wenzake, na nyumba yake isingerudi.

"Mutoto wangu, kumbe ulikuwa unanikasirikia, na haki unayo. Sikia: muji ulioondoka kwa kitendawili unarudi kwa kitendawili. Andika, usome. Nikishindwa, ninarudisha Rumangabo na kuku zake."

Uwamariya akaenda ubaoni. Akaandika polepole, akafuta neno moja kwa kiganja, akaliandika tena.

"Kitendawili!"

"Tega!" darasa likaitika.

"Nyumba yetu tunaikunja kama kitenge. Upepo ukiiita, inataka kuufuata."

"Mwavuli," Koko akasema.

"Hapana."

"Chandarua?"

"Hapana!"

"Kofia ya padri," Kasereka akadakia, akazomewa na darasa zima.

Koko akakuna kichwa. Maisha yake yote alilala kwenye nyumba ya mbao; kweli jibu hakulipata.

"Nimeshindwa."

"Hema! Hema yetu ya kambini!"

Mwalimu Célestin akaja kutoka mlangoni, akaonyesha kwa kidole sentensi ya Habarurema ubaoni, kisha ukurasa wa kitabu cha Kasereka. Uwamariya akavisoma vyote bila kukwama.

"Abaki hapa hapa," mwalimu akasema, kwa sauti ndogo.

Koko akanyoosha mikono miwili kama mutu anayetua gunia la maharage.

"Rumangabo yako, shika. Lakini muji haupokelewi kimya. Simulia!"

Uwamariya akapangusa mashavu.

"Nilienda Rumangabo. Nikaokota ufunguo Koko aliotupa. Nikafungua. Kuku walikuwa wamerudi wote. Nikapika viazi, nikaita darasa hili lote."

"Na mimi?"

Uwamariya akamnyooshea kidole.

"Karibu, Koko. Lakini wewe utakula viazi tu."