Tunajiweza, Asante

Wendy Cottam aliusubiri ukaguzi kama anayesubiri wakwe. Ofisi ya huduma za wazee ya halmashauri ya mji wa Skelbury, Uingereza, ambayo yeye ndiye mkuu wake, ilipigwa deki mpaka chini ya makabati, na wafanyakazi wakaonywa wasinung'unike mbele ya mgeni. Lakini kilichompa kiburi hasa ni foleni. Mwaka uliopita wazee waliokuwa wakisubiri msaada wa nyumbani walikuwa wengi mno. Sasa hakuna hata mmoja.

"Mmeimalizaje?" aliuliza Harriet Lumb, mkaguzi kutoka serikalini, mwanamke mwenye koti la mvua lililochakaa na asiye na haraka.

"Simu tu," Wendy akasema akitabasamu. "Tunampigia kila aliyeomba. Tunamuuliza, mnaendeleaje, mnajiweza? Akisema anajiweza, tunamtoa. Kumbe wengi tulikuwa tunahangaika nao bure!"

"Swali hilo kalitunga nani?"

"Mimi mwenyewe."

Harriet akamaliza chai yake. "Basi nipeleke kwa mmoja wa hao wanaojiweza."

Wendy hakuwa na wasiwasi hata chembe. Akamchagua mzee Cyril Entwistle, fundi bomba mstaafu aliyeishi na mkewe Edna, bibi aliyepotewa na kumbukumbu. Mzee huyo alikuwa ameijibu simu kwa uchangamfu mpaka karani akacheka.

Cyril aliwafungulia mlango akiwa amevaa tai. Tai, asubuhi asubuhi, nyumbani kwake!

"Karibuni, karibuni. Msivue viatu, hilo zulia limezeeka kuliko mimi. Niwawekee chai?"

Biskuti zilikuwa kwenye sahani ya wageni. Edna alikaa karibu na dirisha, nywele zimechanwa vizuri, sweta limefungwa vifungo vyote. Wendy akamtupia mkaguzi jicho la kumwambia, si unaona?

"Mnaendeleaje, Mzee Entwistle?" akauliza kwa sauti, makusudi kabisa.

"Aa, hatuna la kulalamika, mwanangu. Kuna watu wana shida za kweli. Sisi tunajiweza, asante."

Sasa, yeyote aliyekulia Uingereza analijua jibu hilo. Atakupa aliyevunjika mguu, na atakupa aliyefiwa jana. Wendy mwenyewe aliwahi kumpa daktari jibu hilo hilo huku kidole tumbo kinakaribia kupasuka. Lakini alipokalia kiti cha ukuu alisahau kwamba anaowauliza ni watu wa kwao.

Harriet hakuuliza hali. Alisema tu, "Mzee, hebu nionyeshe mnapolala."

Kikombe cha Cyril kikagonga sahani. "Hapajatandikwa, mama."

"Hata kwangu hapajatandikwa. Twende."

Chumbani ghorofani, juu ya mto wa kitanda, palikuwa na mkanda wa gauni la kulalia. Kila mwisho ulikuwa na kitanzi, na kimoja kilikuwa kimeshonewa kipande cha soksi laini kwa ndani. Wendy aliutazama asielewe. Kisha Cyril akainama kuuficha, mkono wa shati ukapanda, na kifundo cha mkono wake kikaonekana kimechubuka, kidonda kipya juu ya makovu.

"Akiamka, na mimi niamke," mzee akasema taratibu. "Wakati wa ile theluji alitoka. Nikamkuta barabarani peku, ananiita, Cyril, Cyril, na mimi nimesimama mbele yake."

"Na hiyo soksi?" Harriet akauliza.

"Upande wake huo. Sikutaka umuumize."

Wendy akautazama tena ule mkanda. Mtu na mkewe wanalala wamefungwa kamba, katika mji wake, na yeye ndiye aliyewafuta kwenye foleni, tena akajisifu!

"Kwa nini hukusema?" Ilimtoka kama anamkaripia.

"Yule binti wa kwenye simu aliniuliza kwa adabu sana. Nianze kumlilia mtu nisiyemjua?" Kisha uso wa mzee ukakunjamana. "Msimchukue. Sitamfunga tena. Nawaomba, msimchukue tu."

"Hachukuliwi na mtu, mzee," Wendy akasema. "Jioni naleta mtu wa kukesha naye hapa hapa, wewe ulale."

Akapiga simu ofisini palepale. "Rudisheni kila jina tulilolitoa. Yote! Na hakuna kumpigia mtu simu. Nendeni majumbani mwao, mkaone wanavyolala."

Harriet alitangulia garini. Wendy akafika mlangoni, koti limeshafungwa. "Mtaweza mpaka jioni?"

"Tutajiweza, mwanangu, asante."

Wendy alikuwa ameshashika kitasa. Akasimama. Akaufunga mlango yeye akiwa ndani, akalitundika koti.

"Nenda kalale. Nakaa naye mimi."

Cyril alikataa, akakataa tena, akasema atafumba macho kidogo tu, hapo hapo kitini. Hakumaliza hata sentensi. Edna akamshika Wendy kidole, akanong'ona, "Cyril wangu yuko wapi?"

"Huyu hapa, mama. Amelala."

Alikuwa amelala kweli, mdomo wazi, tai shingoni. Ila ule mkono wake uliochubuka, kila baada ya muda mfupi, uliinuka wenyewe kama umevutwa, ukakaa hewani kidogo, kisha ukashuka.