Pima ya Joakim

"Mwizi wa upepo!" Mzee Bernadi alikuwa amesimama mguu mmoja ndani ya mashua yake, mwingine mchangani, na kidole chake kilimlenga Erasmo kifuani. "Miezi saba unatuibia mchana kweupe, halafu asubuhi unakuja na shikamoo!"

"Sasa mzee wangu, upepo naibaje? Upepo ni wa Mungu."

"Upepo wa Mungu, tanga la kwako. Na tanga lako ni kubwa."

"Limeshonwa kwa vipimo vya daftari la chama!" Erasmo aligeuka. "Mwulizeni Bibi Shamba. Daftari analo yeye."

Bibi Shamba alikuwa Herieth, mzaliwa wa Kigonsera, mwenye stashahada ya kilimo na watoto watatu, aliyeolewa huku ufukweni Mbamba Bay miaka kumi na miwili iliyopita. Siku za kazi alipanda milimani kwa pikipiki kuwakagulia wakulima mibuni yao. Jumamosi alikuwa katibu wa chama cha Mbasa. Muda huo alikuwa amechuchumaa kwenye mashua yake akifunga usukani, na hakuinua kichwa.

"Saa tatu na dakika tano," alisema. "Gombaneni huku mikono inafanya kazi."

"Mikono yangu haifanyi kazi leo," alisema Mzee Bernadi, akautoa mguu wake ndani ya mashua.

Hapo Herieth akainuka.

Mbasa zilikuwa mashua ndogo za mbao, za mtu mmoja, tanga moja, zote za umbo moja. Mzee Bernadi mwenyewe ndiye aliyezichonga, kumi na nne, enzi za karakana yake ya useremala, akazipa jina la samaki kwa sababu, alivyosema, zilikuwa na mgongo wake na ukaidi wake. Uzuri wa mchezo ulikuwa huo: mashua sawa, tanga sawa, mtu peke yake. Ukishindwa huna wa kumlaumu. Mwanzoni walishindana kumi na wanne. Herieth alipokabidhiwa ukatibu miaka miwili iliyopita walikuwa kumi na mmoja. Sasa walikuwa sita. Mashua nyingine zilikuwa zikibeba kuni, na moja, kule nyuma ya kanisa, kuku walikuwa wakitagia ndani yake.

Kanuni waliitunga wenyewe na ilikuwa fupi. Mashindano bila mashua sita si mashindano. Kipenga kisipolia hadi saa nne, basi, kwa sababu mchana mwera, ule upepo mkali wa kusini, ukishika, ziwa halitaki utani. Na Jumamosi tatu zikipita mfululizo bila mashindano, chama kimekufa, kila mtu achukue mashua yake akafanyie atakalo. Mbili zilikuwa zimeshapita. Ya kwanza Edmund alikuwa na msiba kijijini Ruanda, ya pili Tobias aliumwa. Wiki hii Herieth alimpigia kila mtu simu Alhamisi, akapiga tena Ijumaa, na alfajiri hii alipita mlango kwa mlango kama mtu wa sensa. Wote sita walikuwa hapa. Na mzee alikuwa ameutoa mguu.

"Shikamoo, mzee," Herieth alisema.

"Ulishanisalimia."

"Nakusalimia tena ili upoe. Unataka nini?"

"Nataka tanga la huyu mwalimu lipimwe. Likiwa sawa na langu, naingia majini na nampikia ugali. Likizidi, siingii."

"Na mimi siingii," alisema Edmund.

"Na mimi," alisema Tobias, ambaye kwa kawaida hakusema lolote.

Wote wakamtazama Lidia. Lidia alikuwa mwuza dagaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja, na mashua yake ndiyo iliyokuwa ikifika ya mwisho mara nyingi kuliko zote.

"Mimi hata nikipewa injini nitakuwa wa mwisho," alisema. "Lakini wenzangu wakikaa, nakaa. Nitashindana na nani, na bata?"

Juu ya jiwe, kando ya maji, Mama Ottilia mshika kipenga alikohoa. "Saa tatu na robo," alisema. "Mimi nasoma saa tu."

Herieth aliamuru matanga mawili yatandikwe mchangani, la mzee chini, la Erasmo juu, kona ya mbele kwa kona ya mbele. Erasmo alilitandaza lake kwa mikono miwili, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu nadhifu, hata madaftari ya wanafunzi wake aliyajaladia. Tanga lake lilishuka juu ya lile la mzee na kulifunika lote. Kwa juu lilizidi shubiri moja na nusu. Kwa chini lilizidi shubiri moja na kidogo.

"Haya!" alipiga kelele Mzee Bernadi. "Haya sasa!"

"Mimi sijui!" Erasmo alishika kichwa. "Haki ya Mungu sijui. Nilinakili kanuni neno kwa neno, nikapeleka karatasi Mbinga kwa fundi Cleopa. Pima mbili kwenda juu, pima moja na nusu kwa chini. Akapima mbele yangu. Hivi." Alinyoosha mikono yake pande zote mbili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. "Mara mbili. Na ile nusu nikaihakikisha mwenyewe."

"Cleopa yupi?" aliuliza Lidia.

"Yule mrefu. Mwenye cherehani karibu na stendi."

Kisha Lidia akaanza kucheka, taratibu, tumbo likitangulia.

"Mama yangu! Cleopa yule anayeinama mlangoni? Na marehemu Joakim je? Joakim alikuwa akipanda kigoda kufungua dirisha!"

Joakim ndiye aliyeshona matanga yote kumi na manne. Daftari lilipoandikwa hakukuwa na fundi mwingine, kwa hiyo pima ilikuwa pima, na hakuna aliyefikiri kuuliza ya nani. Joakim alifariki miaka mitatu iliyopita.

"Mwalimu wa hesabu," Lidia alisema, akijifuta macho. "Mikono ya watu wawili, jibu moja!"

Erasmo hakucheka. Mzee Bernadi alikuwa amefungua mdomo aendelee, akaufunga, maana si rahisi kumwita mtu mwizi wakati mwizi ni urefu wa mikono ya fundi.

Herieth alikuwa bado anatazama mchangani. Wiki hiyo hiyo, kule milimani Ukata, alikuwa amemfokea mkulima mzima mbele ya mke wake kwa sababu alipima nafasi ya mibuni kwa hatua. "Hatua za nani?" alimwuliza. "Zako au za mwanao?" Na alimwachia futi ya kamba.

Tanga lake mwenyewe lilikuwa ndani ya mashua yake, limekunjwa. Hakuna aliyelitaja. Mzee hakulitaja, Edmund hakulitaja. Angeweza kusema, basi Erasmo atafute tanga la zamani la kuazima, twende majini, na neno lingeishia hapo. Dakika zilikuwepo za kutosha kufanya hivyo.

Alikwenda kulileta.

Alilibwaga juu ya yale mawili, akaliweka kona kwa kona, akalivuta. Lilikaa juu ya la Erasmo kama kopi ya cheti. Hata mishono ilikuwa ileile, ya Cleopa. Alilishonesha mwezi uleule alipokabidhiwa daftari, panya walipokula la zamani. Tangu hapo alichukua kikombe misimu miwili mfululizo. Tangu hapo pia watu walianza kupungua, mmoja mmoja, na yeye aliwalaumu kwa simu, kwa mpira wa runinga, kwa uvivu wa watu wa ziwani. Aliwahi kusema hivyo kikaoni, kwa sauti.

Hakuna aliyeshangaa. Hicho ndicho kilichomchoma. Aliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeshangaa.

"Mlijua," alisema.

Tobias alitazama ziwa. Edmund alijikuna shingo.

"Tuliona, mama," alisema Mzee Bernadi, sasa kwa sauti ya chini. "Tanga la Joakim linaacha mlingoti wazi huku juu. Lako linafika kileleni. Mtu si kipofu."

"Miaka miwili mnaona, mnanyamaza. Leo mnamrukia Erasmo."

"Erasmo hatupigii simu," alisema Lidia. "Tukikuambia, ukakasirika, ukarudi kwenye kahawa zako, nani angetuamsha Jumamosi? Tukasema bora tushindwe kuliko tukose wa kutuita."

"Wale watano walioondoka nao walijua?"

"Wao walichoka mapema kuliko sisi."

"Kwa hiyo mimi ndiyo nilikuwa natukanwa kwa niaba yake," alisema Erasmo.

"Wewe ni kijana, mwalimu. Utapona," alisema Lidia.

"Saa tatu na nusu," alisema Mama Ottilia.

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Edmund alitaka matanga mapya yashonwe kwa wote, kwa Cleopa, yawe makubwa, na wasubiri. Tobias alisema kusubiri ni Jumamosi ya tatu, na Jumamosi ya tatu ni kaburi. Mzee Bernadi, ambaye hasira ilikuwa imemtoka na kumwacha bila la kufanya, alisema labda leo tu wafumbe macho, mashua zianze, mengine kikaoni. Erasmo alisema hataki mtu amfumbie macho, yeye si mwizi. Lidia alisema wenye matanga makubwa wabebe mawe.

"Kikaoni tutasema nini?" Herieth aliwakata. "Tutasema tuliyoyasema leo, kwa chai. Lidia, nipe kisu."

"Cha samaki?"

"Una kingine?"

Kilikuwa chembamba, kilichonolewa mpaka kikapungua, na kilinuka. Herieth aliliondoa tanga la Erasmo, akalilaza lake peke yake juu ya mchanga, kisha akaagiza la mzee liwekwe juu yake. Kona ya mbele ilikaa. Ukingo wa mlingoti ulikaa. Lililobaki lilikuwa ukanda mmoja tu upande wa nyuma, kutoka juu hadi chini, mpana kuliko kiganja chake kila mahali.

"Bibi Shamba, subiri," alisema Mzee Bernadi. "Turubai hilo ni zima. Likishakatwa halirudi."

"Najua turubai, mzee. Kanyaga hapo juu lisiteleze. Tobias, kanyaga huku."

Walikanyaga. Alipiga magoti, akatoboa kwenye ukingo wa juu, akakivuta kisu kuelekea kwake akifuata pindo la tanga la Joakim. Turubai lilitoa sauti kavu ya kuchanika. Alipofika nusu, uzi wa pindo la Cleopa ulikwama kwenye kisu, akaukata kwa meno, akaendelea. Ukanda ulipoachana na tanga aliusukuma pembeni kwa goti, akatoboa tundu moja la juu na moja la chini, akapitisha kamba, akaikaza.

"Pindo nitashona kesho baada ya misa," alisema. "Leo litapigapiga. Nani ana kalamu?"

Mama Ottilia alikuwa nayo. Herieth alitoa mfukoni futi nyingine ya kamba ya kazini, akapima tanga la mzee kwa pande zote tatu, akafungua daftari ukurasa wa kanuni na kufuta neno pima kila lilipokuwa. Juu yake aliandika vipimo kwa sentimita. Halafu akampa Edmund awe shahidi, naye akatia sahihi bila kusoma.

Erasmo alikuwa amesimama na tanga lake mikononi.

"Hili nililipia mwenyewe," alisema.

"Na mimi langu nililipia," alisema Herieth. "Sikulazimishi, mwalimu. Ukikaa tupo watano, na chama kimeisha. Ukiingia nalo hivyo, mzee anakaa, tupo watano. Hesabu unaijua."

Erasmo alilitazama tanga, akamtazama Mzee Bernadi.

"Kwanza aniombe radhi."

"Nakuomba radhi," alisema mzee upesi. "Wewe si mwizi. Mwizi alikuwa mikono ya Cleopa. Tandika hapa, nikukanyagie."

Erasmo alitandika. Alitaka kukata mwenyewe, akaanza vizuri, katikati kisu kikaanza kuacha pindo na Herieth akamnyang'anya kisu akamalizia.

Saa nne kasoro dakika sita waliziburuta mashua majini, mbili mbili, kwa kusaidiana, kisha kila mtu akapanda ya kwake. Wakielekea kwenye mstari wa kuanzia, kati ya madumu mawili ya njano yanayoelea, tanga la Herieth lilikuwa likipigapiga ukingoni na mashua yake ilikuwa nzito kugeuka kuliko alivyoizoea. Lidia alikuwa mbele yake kwa urefu wa mashua nzima, akiimba.

Mama Ottilia alihesabu kwa vidole kutoka sita hadi moja, akapuliza kipenga.