Lori la Mbolea Kwenye Mlima wa Masama

Mgahawa wa Bernadetha pale Kwa Sadala, chini ya mlima wa Masama, ulikuwa na mabenchi mawili ambayo hayakuwahi kusogezwa karibu. La dirishani lilikuwa la Mzee Thadeus, bingwa wa mashindano ya baiskeli ya mwaka sabini, yaliyoanzia Moshi mjini na kuishia uwanja wa shule huko Masama. La mlangoni lilikuwa la Mzee Julius, fundi baiskeli, aliyeshika nafasi ya pili siku ile ile. Kwa miaka thelathini na moja walikuwa wakila mtori wa ndizi kutoka sufuria moja bila kusalimiana.

Siku moja ya mwaka 2001 akaingia Krunal, kijana ambaye kwao waliuza vipuri mjini Moshi. Alikuwa amenunua kamera ya video na alitaka kutengeneza filamu ya Thadeus.

"Shikamoo mama. Filamu yangu itakuwa ya kweli tupu," alimwambia Bernadetha. "Hata baiskeli nimetafuta zile za enzi zao."

"Marahaba mwanangu. Kweli tupu! Basi kaa ule kwanza, utahitaji nguvu."

Thadeus akasimulia. Alipanda mlima peke yake, jua linachoma, mnyororo unateleza, watu wanalia kwa kumhurumia. Alipofika kwenye machozi, Julius akaweka kijiko chini.

"Weka na lori," alisema.

"Lori gani?" Krunal aliuliza.

"Lori la mbolea. Huyu alilishika nyuma kwa mkono, likamvuta mlima mzima kama tela. Mimi nilipanda kwa miguu yangu hii."

Thadeus alisimama, mtori ukimtoka kidevuni. "Muongo wewe! Wivu utakuua!"

"Shahidi yupo," Julius alisema. "Muulize mama mwenyewe. Siku ile alitoka kuuza ndizi, akarudi juu ya magunia ya lori hilo hilo."

Mgahawa mzima ukamgeukia Bernadetha. Naye akaendelea kufuta meza iliyokwisha kuwa safi, maana alikuwa anazuia kicheko. Alikuwa ameingojea siku hii tangu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Mara ngapi ulimi ulimwasha! Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujipeleka na habari asizoulizwa.

"Kabla sijajibu," alisema, "Julius, ulikuwa umbali gani nyuma yake?"

"Mbali. Kama kutoka hapa hadi sokoni."

"Na lori lilitimua vumbi?"

"Vumbi! Hata mlima haukuonekana."

"Sasa mkono wa Thadeus uliuonaje?"

Julius akasukuma bakuli kando. "Sikuuona mkono. Niliona miguu. Haikuzungusha pedali."

"Uliiona ukiwa wapi?"

"Kwa chini. Katikati ya..."

"Katikati ya magurudumu," Bernadetha alimmalizia. "Kwa sababu ulikuwa umeshika upande wa pili. Mmoja kulia, mwingine kushoto, mmetulia kama wachumba wanaopelekwa kanisani. Mimi nilikuwa juu, nawaona wote."

Krunal alipiga meza. "Mama, hii ni noma!" Wateja walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Thadeus, aliyekuwa bado amesimama, alimgeukia Julius.

"Kumbe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Miaka yote hiyo unaniita mwizi!"

"Nawe si mwizi?"

"Mwizi ni mimi, lakini angalau sikumshitaki mwenzangu!"

Hapo Julius akacheka, kicheko kilichomshtua hata yeye mwenyewe. Thadeus akajaribu kununa, akashindwa. Akabeba bakuli lake akaenda kukaa benchi la mlangoni, wakaanza kubishana ni upande upi ulikuwa na vumbi zaidi.

Lakini Krunal hakuwa amemaliza. "Kwa hiyo mshindi wa kweli ni aliyekuwa wa tatu. Nani?"

"Filemon," wazee walijibu pamoja, na safari hii kwa aibu. Filemon alikuwa mwalimu mstaafu aliyehamia Soweto, Moshi mjini, na alipanda mlima ule kwa miguu yake yote miwili.

Filamu ikatengenezwa na lori ndani yake. Thadeus alidai kwamba mwigizaji wake ashike kwa mkono mmoja tu, Julius akadai wake naye ashike kwa kidole. Bernadetha alikataa kitu kimoja: msichana aliyemwigiza alipakwa rangi ya mdomo. "Juu ya magunia ya mbolea? Mfute!" Akafutwa.

Siku ya kuonyesha, ukumbi wa Moshi ulijaa. Filemon alikaa mbele, amevaa koti lake la ualimu. Filamu ilipofika mwisho na jina lake kutajwa kuwa bingwa, watu walisimama wakapiga makofi, na Thadeus mwenyewe akamvalisha shada la maua. Mwalimu yule alifuta miwani mara tatu.

Nje, wakati watu wanatawanyika, alimsogelea Bernadetha.

"Filamu nzuri sana," alisema. "Ila kuna jambo sijalielewa. Siku ile nilikuwa nawaona kwa mbali, ingawa sikumwambia mtu. Lori lilikwenda polepole mlima wote, na lingeendelea hivyo ningewafikia. Mara, karibu na juu, likakimbia ghafla. Julius akaachia, Thadeus akang'ang'ania, na mimi nikabaki na vumbi. Kwa nini dereva alikanyaga mafuta?"

Bernadetha aliiona tena ngumi yake ya usichana ikigonga paa la chumba cha dereva, pa pa pa, na sauti yake ikipaa, "Kanyaga!" Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kuona nani ataachia wa kwanza.

Alimtazama mwalimu, na shada lake shingoni.

"Nadhani alikuwa na haraka, mwalimu," alisema. "Madereva wa siku zile unawajua."

Filemon akaitikia kwa kichwa. Bernadetha akajifunga kanga vizuri na kuharakisha kwenda stendi, kicheko kikimsukuma mgongoni.