Wa Saba Ndio Wako

Kwa umbali ule wa mita mia tisa, mbao za shabaha zilionekana kama stempu zilizobandikwa ubavuni mwa kilima, zote sura moja, na ubao wa Kinyozi daima ulikuwa wa saba. Ndiyo maana miaka yote, kabla ya kila risasi, mke wa Kinyozi aliinua uso kutoka kwenye darubini akasema, "Wa saba ndio wako." Kisha alimsomea upepo, unatoka wapi na kwa nguvu gani, naye akafyatua.

Pale klabuni hakuna aliyemfikia Kinyozi kwa utulivu wa mkono. Tatizo lake lilikuwa maneno ya watu. Asubuhi ya mchujo wa timu ya taifa, mchujo wake wa mwisho maana mwakani umri ungemtoa, Mwalimu, aliyelala jirani yake kulenga ubao wa sita, alimtania: "Kinyozi, kuhesabu mpaka saba bado hujui?"

Watu wakaangua kicheko. Kinyozi, mtu mzima na ndevu zake, akaingiwa na aibu ya bure. Akamgeukia mkewe. "Mama watoto, leo nisomee upepo tu. Namba naijua."

"Haya, baba watoto." Wala hakununa.

Alipiga vizuri ajabu. Ikabaki risasi moja. Hata angegusa ukingo tu wa ubao wake, angeingia kwenye timu. Jasho likamwingia jichoni. Akajiinua, akajifuta, akalala tena.

"Upepo unatoka kulia, kidogo tu," mkewe akasema, kisha akanyamaza.

Risasi ilitua katikati kabisa ya ubao wa sita.

Mwamuzi akatangaza sifuri. Safari hii Mwalimu hakucheka. Alivua kofia akatazama chini.

Njiani kurudi nyumbani, mkewe alipakata darubini. "Namba ilikuwa mdomoni kabisa," alisema. "Nikaimeza. Si ulinikataza?"

Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomkata maini. Heri angemgombeza.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimeshakusamehe. Ila darubini mtafutie mwingine. Kila nikitaka kusema pale, nitajiuliza kama nakuaibisha."

Jumamosi iliyofuata alilala peke yake kwenye nyasi kufanya mazoezi. Akashika bunduki, akasema kwa sauti, "Wa saba ndio wako." Hakuna aliyecheka. Akabaki amelala vile vile, kidole kwenye kifyatulio, akisubiri kusomewa upepo.