Tembo Aliyeshika Zamu ya Fundi

"Dumu langu hilo! Hata mlivalishe gauni na kilemba nitalijua!"

"Huyo ni tembo, Fundi," nikamwambia. "Dumu liko wapi?"

"Tembo! Tembo gani ana mdomo wa kufungia kizibo?"

Alisimama chini ya ngazi za baraza langu, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, kidole kimenyooka kama anataka kumtoboa yule mnyama jicho. Huyu ni fundi cherehani wa chumba cha mwisho uani, mzee mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Nyuma yake watu walishaanza kukusanyika, maana uani kwetu ugomvi hauhitaji kupigiwa ngoma. Mmoja amekuja na ufagio, mwingine na mwiko, mwingine mtoto amemning'iniza kwenye titi.

Na tembo mwenyewe, kwa kweli, alikuwa amependeza. Dumu la manjano limelazwa chali, kipande cha mpira wa maji kimechomekwa mdomoni kikawa mkonga, mifuniko miwili ya ndoo imeshonewa kwa uzi ikawa masikio, na miguu ni vitako vya chupa vilivyofungwa kwa waya. Mkia nilitoa mimi. Ulikuwa msokoto wa nywele za kusukia, zile zinazobaki mteja akishalipa akaondoka.

Mimi ni msusi. Kusuka kichwa kimoja ni nusu siku, na mama akija kusukwa anakuja na watoto wake. Mtoto asiye na kazi atalia, na asipolia atakuvuta uzi, na asipovuta uzi atakula mafuta ya nywele. Kwa hiyo nina gunia. Kila kopo la losheni na kila chupa ya sabuni inayoisha hapa uani inaingia humo, na watoto wanajichagulia. Tumeshatengeneza kuku wa chupa za dawa ya kufulia, kobe, na nyoka wa vizibo aliyemfanya muuza mkaa aache viatu akimbie peku. Wewe ukipita hapa utasikia kelele. Mimi nasikia kazi inakwenda.

Shida ya leo ni kwamba dumu lile halikutoka kwenye gunia. Lilitoka kwenye foleni.

Maji yetu ni ya bomba moja, na bomba lina kufuli ambalo ufunguo wake anao Mama Bomba. Mpaka lifunguliwe, watu hawasimami, madumu ndiyo yanayosimama. Ukishaliweka lako kwenye mstari ni kama umesimama mwenyewe. Nenda kapike, kalale, kagombane na mumeo, ukirudi zamu yako iko pale pale. Kuondoa dumu la mtu kwenye foleni ni sawa na kumvuta mtu kitandani kwa mguu. Na mjukuu wangu Pengo, jina alilopewa na meno yake ya mbele, ndiye aliyelichukua asubuhi, akisaidiwa na genge lake.

"Nilikuwa wa pili kutoka mbele!" Fundi akapaza sauti ili hata wa barabarani wasikie. "Wa pili! Nimetoka, nakuta zamu yangu hakuna. Leo nafulia mate? Sasa nasema hivi, nakwenda kwa mwenye nyumba. Alishasema baraza ni njia ya kupita, si kiwanda cha kufuga tembo. Watoto wote watafukuzwa hapa, na gunia lako litachomwa!"

Mwenye nyumba alinionya mara moja, na yule haonyi mara mbili. Watoto wakikatazwa baraza, mama zao watakaa wapi nao nusu siku? Watakwenda kwa msusi wa ng'ambo ya barabara, yule anayevuta nywele mpaka nyusi zinapanda. Na tuseme nipate riziki pengine, mimi na nyumba kimya hatupatani. Wanangu wa kuzaa wamehama wote. Siku watoto wa watu wasipokuja, nasikia saa ya ukutani inanisengenya.

Nikamtazama tembo nipate la kusema. Nikautazama mkia. Halafu nikatazama pale mkia ulipotokea.

Ala!

Nikashuka ngazi polepole, na sauti nikaishusha pia.

"Fundi, kaka yangu. Kosa ni kosa. Lakini madumu ya manjano hapa ni mengi kama nzi. Unajuaje hili ni lako?"

"Hicho kitambaa!" Akaonyesha utepe wa mistari uliozungushwa shingoni mwa tembo kama tai. "Nimekifunga mimi mwenyewe kwenye mshikio. Kimekatwa kwenye suruali ya mteja wangu. Nani mwingine hapa ana kitambaa hicho?"

"Hakuna," watu wakaitikia.

"Na ni hilo hilo uliloweka kwenye foleni?"

"Hilo hilo! Kila siku ni hilo hilo!"

"Na lilikuwa zima."

"Zima kama yai! Halina hata ufa!"

"Mmesikia, jamani?" nikauliza.

"Tumesikia!"

"Basi nitalilipa," nikasema, nikamgeukia mjukuu wangu. "Pengo, mama, njoo. Mwambie babu fundi mkia mliupitisha wapi."

Pengo akajifuta pua kwa kiganja. "Kwenye tundu."

"Tundu mlilitoboa na nini?"

"Hatukutoboa, bibi. Lilikuwepo." Akakunja ngumi akaiingiza kitakoni mwa tembo, ikazama yote, akaitoa. "Kubwa hivi. Mimi nilichungulia mdomoni nione kama kuna mjusi, nikaona miguu ya Mama Bomba. Nikasema hili ni takataka, tulifanye mnyama."

Mwenye mwiko akacheka, mwenye ufagio akapokea, na kicheko kikazunguka mpaka kikamrudia Fundi mwenyewe, ambaye sasa alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba amevaa vya mtu mwingine.

"Kumbe!" mtu akasema. "Ndiyo maana yuko mbele kila siku! Dumu halitoki kwenye mstari, linalala hapo hapo!"

"Nani aibe dumu lisilo na kitako?"

"Na bomba likifunguliwa anakuja na lile zima chini ya koti! Mimi nikidhani ana kitambi cha asubuhi!"

Sauti ya Mama Bomba ikawapita wote. Mwenye ufunguo ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu foleni. Alikuwa ameketi barazani kwangu tangu mwanzo, kwenye kigoda, kichwa upande mmoja kimeshasukwa mistari safi, upande wa pili nywele zimesimama kama zimepokea habari mbaya.

"Sheria naijua mimi," akasema. "Dumu lisiloshika maji halishiki zamu. Fundi, kuanzia leo wewe ni wa mwisho, mpaka nitakapochoka kukuona nyuma!"

Watu wakapiga makofi. Fundi akasogea mpaka kwenye ngazi, akashika goti kwa mikono miwili, akajikalisha.

"Dumu zima nililiacha nje mara moja tu," akasema, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia asubuhi yote. "Likaondoka. Na kusimama nalo siwezi. Goti hili limekanyaga cherehani tangu baadhi yenu hamjazaliwa. Nifanyeje?"

Makofi yakapungua. Nami nikapiga hesabu zangu za mtaani. Mtu aliyekukasirikia anaweza kusahau njiani kuelekea kwa mwenye nyumba. Mtu uliyemfanya achekwe na watu, huyo anakwenda mbio, goti au si goti. Nikiacha mambo hapa, nimeshinda ugomvi na baraza nimelipoteza.

"Mama Bomba, shoga yangu," nikasema. "Mimi naona tembo huyu amrudie mwenyewe, na asimame pale pale pa pili. Nani ataiba tembo? Nani atasema ni wake? Zamu ikifika, watoto wanambisha Fundi hodi, wanalijaza dumu lake zima, wanampelekea mlangoni."

"Haiwezekani. Sheria ni sheria."

"Sawa." Nikachukua kitana, nikakipuliza, nikakirudisha kwenye kopo lake. "Basi na mimi leo mikono imechoka. Nadhani nitaendelea na kichwa chako kesho. Au keshokutwa."

Mama Bomba akapeleka mkono upande ule uliosimama, akaupapasa kama anayetafuta mtoto gizani.

"Mchawi wewe," akasema.

"Nakupenda pia."

"Tembo ashike zamu ya pili," akawatangazia watu, kwa sauti ya serikali. "Kwa sababu ya goti. Na anayenuna aniambie."

Watoto wakambeba tembo juu juu kama bwana harusi, wakampeleka bombani wakamsimamisha kati ya madumu, mkonga mbele, mkia nyuma.

Fundi alikuwa bado ngazini. Nikamngojea ainuke ashike njia ya kwa mwenye nyumba. Akainuka, akaenda chumbani kwake, nami nikashika roho na kichwa cha Mama Bomba kwa pamoja. Mara akatoka. Mkononi ana kopo la vifungo na ile sindano yake kubwa ya kushonea magunia. Akapita mbele yangu bila kunitazama, mpaka kwenye foleni.

"Nani kashona masikio haya?" akafoka.

"Mimi," Pengo akajibu, amejiandaa kukimbia.

"Aibu! Huu ni mshono au mkwaruzo wa kuku? Tena mnyama hana macho. Atalindaje zamu yangu bila macho? Mrudisheni barazani. Wewe, acha ufagio wako pale ushike nafasi!"

Wakaketi barazani. Jua lilipofika juu ya paa, Mama Bomba alikuwa na kichwa kizima, tembo alikuwa na macho mawili ya vifungo vya koti na masikio yasiyong'oka, na genge lote limembana Fundi, kila mmoja anataka kuingiza uzi yeye.

"Kwa mwenye nyumba bado nakwenda," akaniambia, uzi ukiwa mdomoni. "Nikimaliza kobe huyu. Kobe wenu hana shingo."

"Nenda, kaka. Njia unaijua."

Nikaingia ndani kuepua maharage. Nilipokuwa napakua, nikamnong'oneza Pengo, naye akatoka mbio, na sauti yake uani kote wakaisikia:

"Babu fundi! Bibi anasema acha kobe, unawe mikono, uingie ndani ule! Na anasema usiogope, sahani yako ina kitako!"