Mstari wa Mbele ni wa Wenye Mbwa

Hapa Sandmere, kambi ya karavani kando ya bahari, mtu hana jina. Mwenye jina ni mbwa. Nimeishi hapa miaka sita kwenye karavani yangu, kijumba cha magurudumu, na muda wote huo nimekuwa Mama Nugget, ingawa Nugget simpendi na yeye hanipendi. Ni kijibwa alichoniachia marehemu dada yangu, kifupi, meno nje, na kina tabia ya kumbwekea kila mwenye kofia. Nilikichukua kwa sababu moja tu: mstari wa mbele, ule unaotazama bahari, ni wa wenye mbwa. Asiye na mbwa anawekwa nyuma, kati ya vyoo na barabara kuu, ambako malori ya kiwanda cha chuma yanapita kutwa nzima na habari za bahari unazipata kwa kuhadithiwa.

Wageni wakisoma bango la langoni, "Mbwa Mnakaribishwa", hudhani ni ukarimu. Ni onyo. Mbwa wana bafu lao lenye maji ya moto, na sisi tuna bafu letu lenye maji. Mbwa wana saa zao za kukimbia ufukweni bila kamba. Wajukuu wakija kututembelea tunawaambia wanong'one mchana, kwa sababu mbwa wamelala.

Saa kumi na moja jioni kila mtu hutoka na kiti chake cha kukunja na kinywaji chake, tunakaa duara mbele ya karavani ya Leonie. Leonie ni mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Duarani anaitwa Mama Winston, na huyo Winston ana uso uliobonyea, anakoroma akiwa macho, na anasukumwa kwenye kigari cha mtoto ili asichoke. Salamu zinaanza na mbwa. "Truffle kashindaje?" "Tumbo bado, lakini kala kidogo." Wakiisha wote, muda ukibaki, tunajuliana hali sisi. Muda haubaki.

Jirani yangu alikuwa Baba Duchess. Jina lake hasa ni Clarrie, mzee aliyeendesha kreni bandarini mpaka magoti yakakataa. Nalijua kwa sababu mkewe, Beryl, ndiye aliyeniambia. Duchess alikuwa mbwa mrefu, mwembamba, mstaafu wa mashindano ya mbio ambayo hakuwahi kushinda hata moja. Beryl alifariki majira ya baridi yaliyopita. Nilikuwepo hospitalini, nimemshika mkono mmoja na Clarrie kamshika wa pili. Kamati ilituma kadi yenye picha ya upinde wa mvua, imeandikwa: "Pole Duchess kwa kumpoteza mama." Duchess hajui kusoma, kwa hiyo Clarrie alimsomea.

Mwili wa Beryl ulichomwa, na majivu yake Clarrie aliyamwaga kwenye miamba iliyo mkabala kabisa na dirisha lake. Kila asubuhi akifungua pazia namsikia akisema, "Umeamkaje, mama?" Huo ndio uliokuwa utajiri wake wote, dirisha moja na mawe kadhaa yenye mwani.

Duchess alikufa Machi, usingizini, kwa uzee. Siyo siri kwamba mazishi yake yalinitoa machozi, lakini yangu yalikuwa ya hasira. Watu wote walikuja. Winston alifungwa kitambaa cheusi shingoni. Mishumaa iliwashwa, upepo ukaizima, ikawashwa tena. Leonie alitoa hotuba ndefu kuhusu roho isiyojua hila, watu wakalia kwa kwikwi, kisha tukala soseji ndani ya mkate kwa vitunguu. Kwa Beryl hawakuchoma hata kitunguu.

Soseji zilipokwisha, Leonie alimwekea Clarrie mkono begani.

"Mpenzi, tunajua ni wakati mgumu."

"Asante."

"Ndiyo maana tumekupa mpaka Jumatatu uhamie nyuma. Kuna familia inasubiri nafasi yako. Wana mbwa wawili, ndugu wa tumbo moja, wote wana pumu. Wanahitaji hewa ya bahari."

Clarrie aliuweka mkate wake chini. "Pale mbele ya dirisha langu ndipo alipo mke wangu."

"Na Duchess tutampandia ua palepale," Leonie akasema, akimpapasa. "Usiwaze kabisa."

Bia ilinipalia. Nilikohoa mpaka Truffle akaogopa, na watu wakamtazama Truffle kwa huruma. Nilipopata sauti nikasema, "Haendi popote. Atamchukua Nugget. Atakayehamia nyuma ni mimi."

"Glenys, acha," Clarrie akasema.

Watu wakaanza kugeuka huku na huku kumtafuta Glenys.

"Ni wazo zuri," Leonie akasema taratibu, "ila Nugget mwenyewe ameulizwa?"

Nilidhani ananitania. Kesho yake kamati ilimtembelea Clarrie, watu watatu wakiongozwa na Leonie, wakakaa kwenye meza yake na kumhoji kama anakuja kuposa. Analala saa ngapi. Kama anakoroma. Redio yake ina kelele kiasi gani. Ana mpango gani siku za radi. Clarrie alilea watoto wanne na hakuna aliyewahi kumuuliza lolote, lakini alijibu yote kwa upole, macho dirishani. Kisha wakatutoa nje kwenye majani, mimi, Clarrie na Nugget, kwa ajili ya kile wanachokiita kuchagua: mbwa anawekwa katikati, wawili wanasimama huku na huku wanamwita, naye anaamua. Hivyo ndivyo mbwa wa Sandmere hugawanywa hata watu wanapoachana.

Nilivaa kofia. Clarrie alikuwa na soseji mfukoni, maana usiku nilimpelekea. Nugget alinibwekea mara moja, akakimbilia upande wa pili bila kugeuka nyuma.

"Moyo umechagua," Leonie akasema, akijifuta machozi.

Jumatatu Clarrie aliivuta karavani yangu kwa gari lake mpaka nyuma, akanisawazishia magurudumu kwa vipande vya mbao, akasimama pale anatafuta la kusema huku lori likipita. "Hapa kuna kelele," akasema hatimaye. Nikamwambia hata Duchess alikuwa na kelele vilevile, nimeshazoea.

Jioni nilichukua kiti changu na bia yangu nikaenda duarani. Sikuwa na mpango wowote. Ni mazoea tu, na nilitaka kuona bahari.

Leonie alinyanyuka kunipokea, uso umejaa ukarimu.

"Karibu, mpenzi. Umeingia leo?"

Nimekunywa na mwanamke huyu miaka sita. Winston alipomng'ata kidole, mimi ndiye niliyemfunga bandeji. Nilimwangalia vizuri nione kama kuna mzaha usoni, sikuuona.

"Naitwa Glenys," nikasema.

"Jina zuri. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Oo, pole." Alilisema kwa sauti ya kuingia wodini, huku akiangalia juu ya kichwa changu akitafuta pa kukiweka kiti changu. Alipapata. Ni nje ya duara, nyuma ya sanduku la barafu.

Clarrie akasimama, Nugget kwapani.

"Leonie, huyu ni Glenys. Alimshika Beryl mkono siku anakufa."

Leonie aliweka kiganja kifuani. Macho yake yalijaa machozi, na nitamtendea haki, yalikuwa ya kweli.

"Maskini Beryl," akasema. "Alikuwa mbwa wa aina gani?"

Hakuna aliyecheka. Duara zima lilisubiri jibu, vichwa vimeinama.

Clarrie aliitazama miamba, kisha akamtazama Leonie.

"Alikuwa mke wangu. Alikaa kwenye duara hili miaka minane. Kiti chake kilikuwa hapo alipo Winston."

"Ah, Mama Duchess," Leonie akasema, akashusha pumzi. "Si ungesema mapema. Yule mama alijua sana kuishi na mbwa."

"Alikuwa anawaogopa," Clarrie akasema. "Kila siku, miaka yote minane. Alivumilia ili aione bahari."