Ile Mashine Tuliyokuwa Nayo

Duka la fundi lilikuwa ghorofani, juu ya mchonga funguo, na lilinuka waya zilizoungua. Jumamosi saa nne asubuhi, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji alisimama mbele ya kaunta akitazama mashine tatu za gemu za zamani zilizopangwa juu ya taulo.

Fundi alimtambulisha kwazo kama mtu anayetambulisha wajomba zake. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, nzito, yenye matundu mengi nyuma. Ya pili ilikuwa ya kijivu vilevile, ila nusu ya matundu yalikuwa yamezibwa huko huko ilikotengenezwa. Ya tatu ilitoka miaka mitano baadaye: nyeupe, nyembamba, unaweza kuibeba kwapani kama kitabu.

“Unataka ipi, kaka?”

“Ile tuliyokuwa nayo nyumbani.”

“Hiyo siuzi,” fundi alisema. “Ninazo hizi tatu.”

Msahihishaji alikuwa na sababu. Mama yao alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na mdogo wake wa kike alikuwa amechukua likizo ya mwezi mzima kuja kumuuguza. Wiki mbili zilikuwa zimepita, na ndugu hao wawili hawakuwa wamezungumza lolote zaidi ya vidonge na zamu za kupika. Haikuwa ugomvi. Walikuwa wameishiwa tu na maneno, miaka mingi nyuma, bila kujua lini. Kitu pekee alichokumbuka wakikipenda wote wawili ni ile mashine.

Alimpigia simu ili asikosee.

“Ilikuwa nyeupe,” dada yake alisema. “Ndogo.”

“Ilikuwa ya kijivu. Kubwa.”

“Kaka, mimi nimeishika kwa mikono yangu.”

“Na mimi niliishika kwa miguu?”

Fundi alisema maneno hayaui ubishi, akaunganisha ile ya kijivu ya kwanza kwenye TV ya kaunta. Muziki wa kuwashia ulipolia, baba yake msahihishaji, aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita, alipanda ngazi, akaingia, akavuta kigoda, akalegeza tai.

“Punguzeni sauti,” alisema, akafungua gazeti.

Fundi alipunguza sauti. “Huyu ni wako?”

“Wangu.”

“Shikamoo, mzee.” Mzee hakuinua macho. Fundi hakuona vibaya. “Jana mteja alijiwa na shangazi yake. Aliongea mpaka nikafunga duka. Wako mpole.”

Walipoizima, baba alikunja gazeti, akashuka. Waliwasha ile ya kijivu ya pili, hakuja mtu. Basi jibu lilikuwa limepatikana, na msahihishaji angeweza kuondoka. Lakini alitaka amwambie dada yake kwa ushahidi kwamba amekosea, kwa hiyo aliomba na ile nyeupe iwashwe.

Baba alirudi. Safari hii alikuwa pekupeku, shati nje, akimenya chungwa. Hakutafuta kigoda. Alikaa sakafuni, akachukua pedi ya pili ya kuchezea na kuanza kucheza, na alicheza vizuri. Msahihishaji hakuwahi kumwona baba yake akigusa pedi, wala kukaa chini, wala kucheka mpaka mabega yakatikisika.

“Ruka, Nukta!” baba alipaza sauti. “Ruka, mwanangu, ruka!”

Nyumbani kwao hapakuwahi kuwa na mtu aliyeitwa Nukta.

“Umefananisha, baba,” msahihishaji alisema. Baba hakumsikia.

Msahihishaji alisimama pale muda mrefu, akishika hii, akiacha ile. Mwishowe fundi alimwonea huruma. “Nenda na zote mbili zinazomleta. Jumatatu nirudishie moja. Ila yule anayekuja na mashine anaondoka na mashine. Usije kuniachia mzee hapa.”

Nyumbani, mama alikuwa kitini, mguu juu ya mto, akitoa mawe kwenye mchele. Dada alipoiona mashine nyeupe alipiga makofi.

“Si nilikwambia! Ilikaa pale chini ya dirisha lenye mapazia ya bluu.”

“Hatujawahi kuwa na mapazia ya bluu.”

Dada alitazama dirisha la sebuleni, kisha la jikoni.

Waliiwasha. Saa kumi na robo baba aliingia pekupeku, akakaa karibu na dada, akamkatia kipande cha chungwa bila kumtazama. Dada alikipokea bila kutazama pia, jinsi mtu anavyopokea kitu alichozoea.

“Nukta yuko wapi?” baba aliuliza.

“Yuko bafuni, baba,” dada alijibu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa. Aliweka pedi chini.

Ndipo alipoeleza, polepole, akijisahihisha kila baada ya maneno mawili. Jumamosi, kaka yake alipokuwa kwenye mazoezi ya mpira, baba alikuwa akimchukua kwenda naye ofisini. Ofisi hiyo ilikuwa na makochi. Ilikuwa na jiko, na mama mmoja aliyemsuka nywele vizuri. Ilikuwa na Nukta, aliyelingana naye kimo. “Nilidhani ni mtoto wa ofisi,” alisema. “Baba aliniambia nikisema, mama ataumwa. Sikusema. Baadaye nikawa sijui tena ni chumba kipi kilikuwa cha kwetu.”

“Baba,” msahihishaji aliuliza, “Nukta ni nani?”

“Angalia hapo mbele, kuna shimo,” baba alisema. Kweli palikuwa na shimo.

“Mapazia nilishona mimi,” mama alisema.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa bado na sinia mapajani.

“Alinipa vipimo, akasema ni ya ofisini. Ofisi gani ina dirisha la jikoni na la chooni? Nikashona. Mashine kubwa ilikuja nyumba kubwa, mashine ndogo ikaenda nyumba ndogo. Mnachochanganyikiwa ni nini?”

“Mama, ulijua kuwa naenda kule?” dada aliuliza.

“Nilikuwa nikikuvalisha mimi mwenyewe. Mtu anaweza kupotea njiani akalala alikolala. Lakini akiwa na mtoto mkononi, jioni lazima amrudishe mtoto.” Alitupa jiwe kwenye kikombe. “Na wewe ulimrudisha. Kila Jumamosi.”

Alisema hivyo kama mtu anayemsifu mtoto kwa kuosha vyombo. Dada alinyanyuka, akaenda jikoni, akafungua bomba, akalifunga. Hakuna aliyemfuata. Aliporudi, macho yake yalikuwa makavu, na alitaka kujua kama wanaweza kumwuliza baba wakiwa naye mzima, si nusu yake.

Walileta TV ndogo ya chumbani, wakaziwasha mashine zote mbili kwa pamoja. Baba alifika mlangoni akiwa na kiatu mguu mmoja na mwingine mtupu, tai shingoni, chungwa mkononi. Aliweka mguu ndani, akautoa. Alimtazama msahihishaji, akamtazama dada, akaangalia nyuma yake kama mtu aliyekosea mtaa.

“Ni hapa?” aliuliza.

Alibaki kizingitini. Baada ya dakika ishirini mama alisema mbu wanaingia, zimeni moja. Walizima ya kijivu.

Jumapili dada hakugusa pedi. Alishinda chumbani. Msahihishaji alikaa sakafuni peke yake na baba yake, akaruka mashimo, akaanguka, akaruka tena. Saa kumi na moja na nusu walivuka daraja ambalo walikuwa wamelihangaikia tangu mchana. Baba alimpiga bega, akampa nusu nzima ya chungwa.

“Safi sana, Nukta!”

Msahihishaji alikuwa na miaka arobaini na moja. Alikula lile chungwa taratibu, mpaka na vile vinyuzi vyeupe.

Jumatatu alirudisha ya kijivu. Fundi aliipangusa vumbi, akairudisha juu ya taulo.

“Asubuhi hii alikuja mwanamke mmoja,” alisema, “anataka nyeupe. Nikamwambia imechukuliwa. Anasema amezunguka maduka yote. Alikuwa akicheza na baba yake, na kuna msichana aliyekuwa akija Jumamosi, akaacha kuja. Hata huyo msichana anatamani kumwona.” Alivuta droo. “Ameacha namba, kama wewe utabadili mawazo.”

Msahihishaji aliipokea ile karatasi. Ilikuwa na mwandiko mzuri, herufi zimelala upande mmoja, kama za baba yake.

“Nimwambie nini akirudi?”

“Mwambie ajaribu kwingine.”

Nyumbani alivua shati, akalitia kwenye ndoo ya nguo na karatasi ikiwa mfukoni, akamimina maji na sabuni, akalikandamizia chini kwa mkono. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na taulo la mama.

“Fundi kasemaje? Kuna mtu mwingine aliyeiulizia?”

“Hakuna.”

Dada alimtazama kidogo, kisha akauliza kama dawa za saa kumi zimeshatolewa. Alimjibu kwamba bado.

Walipomaliza kumpa mama vidonge, waliwasha mashine. Baba aliingia pekupeku, akakaa sakafuni. Mama alimwomba asogee kidogo, anaziba TV. Akasogea.